Barua za Glafira

Siku Arseni Lvovich Tumanov alipotarajiwa kuja kumposa, Glafira alibadilisha gauni mara tatu, mwisho akarudia lile la kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kwa miezi mitano hakuwa amemwona mtu huyo kwa macho. Alimwona kwenye barua tu, barua zilizopita kwa siri mkononi mwa mke wa padri wa Kiorthodoksi, kwa sababu binti wa nyumba ya heshima katika jimbo la Penza haandikiani na mwanamume ambaye si ndugu yake wala mumewe. Leo mambo yote yangekwisha. Kabla jua halijazama, baba yake angesema ndiyo au hapana.

Na baba yake, mzee Nikanor Savvich Ladygin, hakuwa mtu wa kusema ndiyo upesi.

"Mtu ana cheo serikalini, anakiacha ili auze maneno!" alilalamika tangu chai ya asubuhi. "Maneno, Kapitolina! Umewahi kusikia wewe? Muungwana akiandika anajiburudisha, anawasomea rafiki zake baada ya chakula, basi. Huyu analipwa kwa karatasi, kama fundi cherehani anavyolipwa kwa suruali!"

"Siku hizi wanalipwa, kaka," alijibu shangazi Kapitolina, dada yake mjane aliyeiendesha nyumba ile tangu mama yake Glafira afariki. "Huko Petersburg hata watoto wa mabwana wakubwa wanaishi kwa kalamu. Ni kazi kama kazi nyingine."

"Kazi! Iko kwenye orodha gani ya vyeo? Nionyeshe!"

Shangazi alikuwa upande wa Glafira, Mungu ambariki. Ndiye aliyemlainisha kaka yake mpaka akakubali kumpokea kijana. Tena ndiye aliyetoa lile wazo: jarida nene la Petersburg limefika kwa posta jana, ndani mna hadithi ya Arseni, basi tuisome wenyewe kabla hajaja, mzee ajue anamkabidhi binti mtu wa namna gani. Maskini, hakujua anachokitafuta.

Majarida ya siku zile yalifika kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni, vile vile zilivyokunjwa mtamboni. Mtu hasomi mpaka azikate. Katika nyumba ya Ladygin, kukata kulikuwa heshima ya mzee peke yake, na ole wake atakayegusa kile kisu chake cha pembe. Alikata kurasa chache, akampa dada yake asome kwa sauti, akasubiri kisu mkononi, kisha akakata nyingine.

Mwanzo hadithi ilikuwa ikijivuta. Palikuwa na ofisa mwenye huzuni, palikuwa na dansi, ofisa akawaza juu ya maisha kwa kurasa sita. Mzee alipiga miayo miwili. Glafira, aliyekuwa akishona karibu na dirisha, alimwonea huruma Arseni, Senya wake, na kumwombea kimoyomoyo.

"Ehe, hapa pana barua," shangazi alisema, akiweka miwani sawa. "Msichana anamwandikia. 'Mpenzi wangu, unaniuliza siku zangu zinakwendaje. Zinakwenda kwa miguu, tena miguu yenyewe ina baridi yabisi. Asubuhi baba hunusa ugoro, akapiga chafya mara tatu, na mtumishi aliye nyuma ya mlango anajua kwamba sasa ndipo aingize kahawa. Kahawa ikiingia kabla ya chafya ya tatu, siku hiyo nyumba nzima inakiona.'"

"Ha!" mzee alicheka, usingizi umemtoka. "Mzee huyo ana akili. Kahawa ina wakati wake. Endelea!"

Glafira hakucheka. Sindano ilikuwa imemwingia kidoleni na hakuisikia. Yale maneno alikuwa ameyaandika mwenyewe, mwezi wa sita, akiwa amekaa juu ya ngazi ya ghala la matofaa, karatasi magotini. Alimtazama shangazi mdomoni, akiomba barua ikome hapo hapo. Haikukoma.

"'Shangazi yangu ana huruma nyingi na ufunguo mmoja,'" shangazi alisoma, tayari anacheka. "'Huruma humgawia kila mtu. Ufunguo wa kabati la sukari huuvaa shingoni, hata bafuni huingia nao, na akiota ndoto mbaya huushika ufunguo kwanza, ndipo aushike msalaba.' Toba! Mchoyo gani huyu! Ama kweli duniani kuna wanawake..."

Mkono wake ulikuwa umeshafika shingoni. Aliuona mwenyewe ukiwa pale, umeshika ufunguo. Kicheko kikafa.

Mzee Nikanor Savvich alikuwa amenusa ugoro dakika ile ile. Alipiga chafya ya kwanza, akapiga ya pili, kisha akaibana pua kwa vidole viwili, macho yamemtoka, akaizuia ya tatu kwa nguvu zake zote. Nyuma ya mlango vikombe viligongana kidogo.

"Hii ni nyumba yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Kapitolina, mtu huyu ameichapisha nyumba yangu."

Na hapo ndipo njuga za farasi ziliposikika barazani.

Arseni Lvovich aliingia na koti lake la safari, mashavu mekundu kwa upepo wa vuli, akatafuta uso mmoja tu sebuleni. Alipoupata akatabasamu. Glafira alihisi moyo ukiruka vile vile kama siku zote, na alikasirika na moyo wake kwa hilo.

"Mwanzoni mwa kiangazi ulikuwa mgeni mezani kwangu!" mzee alinguruma kabla kijana hajainamisha kichwa. "Ulikaa kiti hicho, ukala mkate wangu, ukaichungulia pua yangu na shingo ya dada yangu, ukaenda kuziuza! Huna haya wewe? Ni nani aliyeandika haya? Jina lililo chini ni la nani?"

Arseni aliliona jarida mezani. Kisha alimtazama Glafira, na rangi ikamtoka usoni yote.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Nimeandika mimi. Kosa ni langu peke yangu. Glafira Nikanorovna hahusiki kabisa."

Sasa hebu niambie, msichana afanye nini hapo? Mpenzi wake alikuwa amejitupa mbele yake kumkinga. Kama asingesema hivyo, siri ya barua ingefichuka na heshima yake ingekwisha wilaya nzima. Na bado, alipomsikia akisema nimeandika mimi, Glafira alishtuka kama mtu aliyevuliwa shali mabegani mbele ya watu.

"Farasi wasifunguliwe!" mzee aliagiza. "Huyu anarudi alikotoka." Akaingia chumba chake cha kazi na kuubamiza mlango. Shangazi Kapitolina akamfuata mbio na chupa ya dawa ya moyo, mkono mmoja bado uko shingoni.

Walibaki wawili.

"Glasha," alinong'ona Arseni.

"Usiniite hivyo. Ulizichukua barua zangu, Senya. Barua zangu! Ile nilikwambia uichome."

"Ningeichomaje? Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo."

"Nilikuandikia wewe! Peke yako! Mambo ya baba yangu, ya shangazi yangu... Leo nimeyasikia yakisomwa kwa sauti, natamani ardhi inimeze, na wewe umeingia unatabasamu!"

"Sikujua limeshafika huku. Nilitaka nikwambie mwenyewe kwanza, ndiyo maana nimesafiri bila kulala." Alisogea hatua moja. "Mhariri alinipa siku nne. Hadithi haijaisha, mtambo unasubiri. Nikichelewa nafasi anapewa mwingine. Mimi sina shamba, Glasha, wala mshahara. Sina kingine, nina kalamu hii tu. Niliandika nikafuta, niliandika nikafuta. Basi nikaitoa barua yako, nikaiweka mbele yangu, inichangamshe tu. Nikanakili mstari mmoja. Kisha wa pili."

"Kisha zote."

"Kisha zote nne."

Alikuwa amemshika mkono, na Glafira hakuuondoa. Mkono wa shati la Arseni ulikuwa umelika ukingoni, na kidole cha kati kilikuwa na lile doa la wino lisilotoka. Miezi mitano alikuwa amekiota kidole kile. Hata sasa, na hasira yote ile, alitamani kukibusu.

"Na hujasikia lililo kubwa," Arseni aliendelea, macho yakianza kung'aa. "Mhariri alizisoma akacheka mpaka akavua miwani afute machozi. Akaniambia, Tumanov, ofisa wako ni yule yule wa kila mtu, lakini msichana huyu! Msichana huyu anasema! Nipe msichana huyu, karatasi kumi kabla ya Pasaka, na malipo napandisha. Glasha, unasikia? Petersburg watu wanamuulizia!"

Glafira aliketi. Hakuna mtu aliyewahi kumuulizia hata mjini Penza.

"Wanamuulizia nani?" aliuliza.

"Wewe!"

"Kwa jina gani, Senya?"

Arseni alipiga goti. Alisema haraka haraka, kama mtu aliyeyakariri njiani. "Tuoane. Tutakaa meza moja, taa moja. Wewe utaandika, mimi nitatia sahihi. Nani atajua? Jina la mwanamke wa nyumba kama hii haliwekwi jaridani kwa malipo, baba yako atakufa kwa aibu. Langu limeshachafuka, liache lichafuke kwa ajili yetu sote wawili. Nakupenda, Glasha. Haki ya Mungu nakupenda kuliko kitu chochote."

"Najua," alisema, na machozi yakamlenga. "Ungekuwa hunipendi ningekutoa nje sasa hivi, nikalala usingizi mzuri."

Mlango ulifunguliwa. Mzee alikuja moja kwa moja mezani, akalikwapua jarida na kuelekea kwenye jiko kubwa la ukutani, lililokuwa likiwaka. Alishafungua kijimlango cha chuma.

"Baba, usichome!" Glafira aliruka. "Ni yangu."

"Ni gazeti langu, nimelilipia mwaka mzima!"

"Barua ni zangu. Nimeandika mimi."

Shangazi Kapitolina, aliyekuwa mlangoni, alitoa sauti ndogo, akashika ukuta. Mzee aligeuka taratibu.

"Glasha, nyamaza," Arseni alimsihi. "Anasema hivyo kunikinga, mzee."

"Loo! Mmoja anasema mimi, mwingine anasema mimi! Mnanifanya mtoto mdogo?" Mzee alirudi mezani, akaketi, akakitwaa kile kisu cha pembe. "Haya. Barua haijaisha. Kurasa zinazofuata bado zimeshikana, hakuna aliyeziona humu ndani. Aliyeandika anajua kilichomo. Bwana Tumanov, anza wewe."

Arseni alimtazama Glafira, kisha sakafu.

"Zinafuata... nadhani ni habari za majira ya kuchipua. Theluji inayeyuka. Kuna matope. Kisha kuna... viatu."

"Viatu gani? Sema maneno yenyewe!"

"Maneno yenyewe siyakumbuki, mzee."

Glafira aliyakumbuka. Yalimjia yote kwa mara moja; kwa fedheha ya ugoro na sukari alikuwa amesahau kabisa ni nini kilichofuata. Afadhali kingekuwa chochote kingine. Lakini baba yake alishakiweka kisu ukingoni mwa karatasi, anasubiri. Basi akasema, polepole, macho chini.

"'Kila mwaka njia zikianza kuwa matope, baba huingia chumba cha mama, akatoa buti za mama za rangi ya kahawia. Hamwiti mtumishi. Huzipaka mafuta mwenyewe kwa kidole, akazigeuza kutazama kama soli zinahitaji fundi. Kisha huzipanga mlangoni kwa ndani, tayari kwa kuvaliwa. Buti hukaa pale mpaka njia zikauke. Mama alifariki miaka saba iliyopita. Mimi hupita nikajifanya sizioni.'"

Kisu kilikata. Sebule nzima ilisikia karatasi ikiachana. Mzee aliweka kidole kwenye mstari, akakisogeza taratibu kutoka neno hadi neno, midomo ikicheza. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Ulikuwa unaniona," alisema mwishowe.

"Nilikuwa nakuona, baba."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Mungu wangu," shangazi alisema huku analia. "Kaka, mimi nilidhani ni Glasha anayeziweka! Miaka yote hiyo nilidhani ni mtoto!"

Mzee alivua miwani, akaishika mkononi bila kuifuta. Alikuwa amezeeka ghafla, na sauti ilipomtoka haikuwa na ngurumo tena.

"Kijana," alimwambia Arseni. "Meza ya kuandikia ile pale. Kalamu ipo, wino upo. Mwandikie huyo mhariri wako kwamba barua si zako, ni za Glafira Ladygin. Mistari miwili inatosha. Andika, na leo hii nawabariki mbele ya picha takatifu."

Glafira aliziba mdomo kwa mkono. Hakuwahi kuota kwamba baba yake angesema hivyo. Ilikuwa ni ndiyo, ndiyo kamili, imekuja kutoka mahali asipopategemea, na sasa ilikuwa mkononi mwa Senya.

Arseni alikwenda mezani. Aliketi, akachovya kalamu, akaandika tarehe, akaandika "Mheshimiwa". Kalamu ikasimama. Tone la wino likadondoka, likatanuka.

"Nikiandika hivi," alisema bila kugeuka, "hakuna jarida litakalopokea karatasi yangu tena. Watasema Tumanov mwizi. Nitaishi kwa nini? Nitamlisha nini mke? Ninyi mna nyumba, mna ardhi. Mimi nina jina lile chini ya hadithi, basi." Sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayezama. "Glasha, sema wewe. Ukiniambia niandike, naandika sasa hivi."

Neno lilikuwa tayari ulimini mwake. Lilikuwa: acha, mpenzi wangu, usiandike, nakuja nawe hivyo hivyo, tia sahihi unavyotaka. Aliona chumba kidogo Petersburg, aliona kidole chenye wino kikigeuza kurasa zake. Angeweza kuishi hivyo mwaka mmoja, pengine hata miwili.

"Sikwambii, Senya," alisema. "Hilo siwezi kukusaidia."

Arseni alisubiri, labda alidhani Glafira atabadilika. Kisha aliilaza kalamu kando ya karatasi, kwa uangalifu, isichafue meza. Alimwinamia mzee, alimwinamia shangazi. Aliubusu mkono wa Glafira, midomo yake ina joto kama la homa, akatoka bila kusema neno.

Mzee alimwacha aende. Ndipo alipomgeukia binti yake.

"Na wewe humu ndani hukai."

"Kaka!" shangazi aliruka.

"Simfukuzi! Lakini mimi nitapigaje chafya, Kapitolina? Kila nikinyanyua kijiko nitajiuliza kaona nini." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, kwa hasira. "Ataenda kwa mama yake wa ubatizo, Petersburg. Huko kuna watu wengi wa kutazamwa."

Aliketi pale pale alipokuwa ameketi Arseni, akaisukuma kando karatasi yenye doa, akachukua nyingine. Binti asiyeolewa hasafiri bila ruhusa ya baba yake kwa maandishi. Aliandika huku anatamka: "Mimi, Nikanor Savvich Ladygin, namruhusu binti yangu Glafira kusafiri na kukaa Petersburg kwa ajili ya..." Alisimama. "Wilayani watauliza ni kwa ajili ya nini. Niweke matibabu? Matibabu hawaulizi sana."

"Siumwi, baba. Andika kazi."

"Kazi! Binti wa Ladygin kazi gani? Uyaya?"

"Uandishi."

Shangazi alijipiga ishara ya msalaba. Mzee alimgeukia binti yake.

"Inaandikwa hivyo? Kazi, uandishi? Mwanamke?"

"Sijui, baba. Sijawahi kuona ikiandikwa."

Mzee alichovya kalamu, akaandika, akikandamiza mpaka unyoya ukalia. Alinyunyizia mchanga wa kukausha wino, akaipuliza karatasi, akampa.

Nje njuga zilitikisika. Mwendesha farasi alikuwa jikoni muda wote ule akimalizia supu ya kabeji, na sasa tu ndiyo anageuza gari. Glafira alitoka mbio bila kofia, bila shali, viatu vya ndani kwenye matope, karatasi mkononi. Arseni alimwona, akaruka chini kabla gari halijasimama.

"Glasha! Umebadili mawazo?"

Glafira alikuwa anahema. Alimtazama macho, paji la uso, nywele zilizolowa manyunyu. Alimpenda mno, na hakuna lililopungua.

"Nimekuja kukwambia barua sitakuandikia tena," alisema. "Hata moja. Nikiwa na neno la kukwambia, utalisoma jaridani, na chini yake litakuwa jina langu."

Arseni alivua kofia.

"Basi niletee mimi kwanza, kabla hujampa mhariri," alisema. "Niwe msomaji wako wa kwanza. Hilo tu."

"Hapana, Senya. Utalinunua jarida, ukate kurasa kama watu wengine."